Boksi la Zhuang Lililochanika

Zhuang Muxian ana meza ya kioo yenye upana wa mikono miwili, ghorofa ya pili, kwenye soko la vifaa la Huaqiangbei. Anauza droni za miwani, zile ambazo ukivaa miwani yake unaona kile inachokiona droni, kama vile umekaa puani mwake. Ana miaka arobaini na saba, kipara kimeshaanza, na sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Namwandika kwa sababu watu wamesema mengi juu yake, na mengine niliyasema mimi.

Alitoka kwao Puning akiwa na miaka kumi na sita, akaja hapa Shenzhen kusukuma mkokoteni wa maboksi. Baadaye akawa mtu wa simu. Hakuwa anaziuza, alikuwa anazifufua. Simu kuukuu inaingia kwake imekwaruzwa, inatoka na kioo kipya, mgongo mpya, boksi jipya, na juu ya boksi nailoni imekazwa kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ukipitisha kucha haikwami popote. Watu walizinunua wakiamini ni mpya kutoka kiwandani. Haya sikuambiwa. Tulikaa jengo moja miaka saba, mlango kwa mlango, na ile mashine ilivuma kutwa nzima hata nikadhani jirani kafungua saluni. Halafu siku moja akaacha, akahama. Sababu hakuna aijuaye. Mimi nilisema kaogopa polisi, na mpaka leo sijasikia sababu nyingine.

Sasa mimi nilienda kufanya nini kwa mtu kama huyo?

Nilifanya kazi ya kusuka waya za mota kiwandani miaka ishirini na sita. Vidole hivi vilizungusha waya mwembamba kama unywele na havikukosea. Sasa vinakakamaa. Daktari alivibonyezabonyeza akasema vitazidi, nina mwaka, labda miwili, halafu vitajikunja kama miguu ya kuku. Wiki hiyohiyo rafiki yangu Cuiying, tunayecheza naye ngoma uwanjani kila asubuhi, alinivika miwani yake akakirusha kidroni chake juu ya miti. Niliona paa la jengo letu. Niliona nguo zangu kwenye kamba. Nilivua miwani. Nikaapa nitarusha kwa mkono wangu kabla mkono haujafunga. Sikutaka kitu kingine.

Basi nikaingia sokoni. Meza ya kwanza, muuzaji ananiuliza, "Ni ya mjukuu, shangazi?"

"Mjukuu wangu kaolewa, ana mume wa kumchezea. Ni yangu."

Akanitolea lidroni kubwa, mapanga yake ya kurukia marefu kama vidole vyangu, yako wazi. Eti hiyo ndiyo kiboko. Nilimuuliza kama amewahi kuanguka nayo, akaanza kunionyesha rangi. Nikaondoka.

Meza ya pili wana mkoba mmoja, kila kitu kimo ndani, mwenyewe unabeba tu. Nikainua chaja, nyepesi kama biskuti. Nikanusa betri moja, inanukia tamu, na tumbo limevimba kidogo. Betri ya hivyo imeshachoka, na siku ukiichaji vibaya inawaka moto. "Hizi mmezitoa wapi?" Muuzaji akasema mama, wewe unanunua au unanusa? Nikamwambia vyote, ila kwake nanusa tu.

Meza ya tatu ya jamaa mmoja anaitwa Peng. Huyo hakutazama uso wangu, alitazama mikono. "Shangazi, kwa vidole hivyo? Nunua televisheni, uwatazame wenzio wakirusha." Nilimjibu neno juu ya malezi yake ambalo silirudii hapa. Kisha nikaiingiza mikono ndani ya mkoba wangu.

Meza ya Zhuang inatazamana na ya Peng. Alikuwa amesikia yote. Akamimina chai kwenye kikombe kidogo, akakisukuma mbele yangu.

"Shangazi Rao. Kaa."

"Hujafungwa bado?"

"Bado. Usinunue droni."

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Muuzaji wa Huaqiangbei anayekukataza kununua ana jambo lake.

"Nunua rimoti kwanza," akasema. "Uichomeke kwenye kompyuta, kuna mchezo wa kujifunzia. Anguka humo mara mia mbili, havunjiki mtu. Mwezi ujao uchukue kadroni kadogo, kenye pete kuzunguka mapanga, kagonge makabati yako. Miwani chukua ile pana ya kama boksi, inaingia juu ya miwani yako ya macho. Ile nyembamba ya kifahari iache."

"Na rimoti hiyo itashikana na hako kadogo? Au mwezi ujao utaniambia lugha hazielewani, ninunue nyingine?"

"Zinaelewana. Nitakuandikia aina."

"Na wewe unafaidi nini?"

"Utarudi mwezi ujao."

"Au nirudi muda wa kubadilishiwa umeshapita."

Dada Shuqing, anayeuza nyaya meza ya jirani, akacheka mpaka akaweka chini chakula chake. "Zhuang, leo umekutana na mwenzio!"

Akanipa rimoti ya maonyesho niijaribu. Nikatoa mikono. Ina vijiti viwili, unavisukuma kwa vidole gumba, na vile vilikuwa vizito. Nilisukuma nikiangalia pembeni kama mtu anayewaza mambo mengine. Zhuang alikuwa anatazama vijiti tu. Akasema, "Mpya iko stoo. Ngoja dakika mbili."

Hilo ni jambo la kila siku pale. Mezani kuna cha kuonyesha, mali yenyewe inafuatwa kwingine. Lakini dakika mbili zikawa kumi, zikawa ishirini na tano. Nilikunywa vikombe saba. Kwa mtu mwingine ningesema kuna foleni. Kwa mtu huyu nilisikia ile mashine ya nywele kichwani.

Akarudi na maboksi mawili. Moja limefungwa nailoni safi, akaliweka kwenye rafu nyuma yake. La pili nailoni imechanika, kifuniko kimeachama. Hilo ndilo akanipa mimi.

Nilisimama. Sauti yangu kiwandani ilikuwa inasikika mashine zikiwa zinawaka.

"Zuri unaliweka, la kuchanika unanipa mimi? Umefanya nini huko stoo?"

"Nimeijaribu."

"Dakika ishirini na tano unajaribu nini, ndoa?"

Watu wakaanza kusogea. Peng akadakia, "Zhuang karudia kazi yake ya zamani! Njooni muone, mitumba inafufuka!" Mteja mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa mezani pa Zhuang akazirudisha mfukoni. Masikio ya Zhuang yalikuwa mekundu. Alichukua lile boksi la rafuni akaliweka mbele yangu.

"Basi chukua hili. Limefungwa."

Nikapitisha kucha juu ya nailoni yake. Haikukwama popote. Na kidole changu kikasimama palepale.

Kwa sababu huyu ndiye mtu wa nailoni. Angetaka kuniuzia mtumba, angeufunga hivi, nami ningeenda nyumbani nikimsifu. Mwizi wa kazi ile hakuletei boksi limechanika.

Nikaitoa rimoti ya boksi la kuchanika, nikagusa vijiti. Vilikwenda laini. Nikagusa ya maonyesho, vizito. Nikarudi tena kwenye ile laini. Nikaigeuza, nikainua raba ya mgongoni, na chini yake vichwa vya skrubu za springi za vijiti vilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi.

Alikuwa amezilegeza. Alikwenda kuzilegeza stoo ili Peng asione ni kwa nini. Na sasa watu kumi na tano wanamwita mwizi, na maneno mawili tu yangemwokoa, "vidole vyake", akinionyesha mimi. Hakuyasema. Alikuwa anatazama birika.

"Shangazi, chukua iliyofungwa," Peng akapaza sauti. "Usikubali!"

Zhuang alingoja. Ningeweza kuchukua ile laini nikaondoka kimya, vidole vyangu vikabaki siri yangu, na yeye akabaki na jina lake jipya la zamani.

Nikaweka mikono yote miwili juu ya kioo, imefunguka kadiri inavyofunguka.

"Mnaiona? Mibovu. Kalegeza springi ili niweze kusukuma. Boksi limechanika kwa sababu hiyo. Aliyekuja kucheka acheke, halafu aende kazini."

Dada Shuqing alimtazama Peng mpaka Peng akageuka kupanga bidhaa zake. Yule mteja akarudi, pesa mkononi.

"Umelegeza mizunguko mingapi?" nikamuuliza Zhuang kwa sauti ndogo.

"Mmoja na robo."

"Cha kushoto bado kizito."

"Utakizoea."

"Sizoei kitu nilicholipia. Lete bisibisi."

Nililegeza mwenyewe, mbele yao, kidogokidogo mpaka kidole gumba kikaona raha. Ilinichukua muda na skrubu moja ilinitoka ikaviringika, naye akainama akaiokota. Nilipolipa, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye bunda la nailoni. Nikaupiga kofi.

"Acha hivyohivyo."

Radhi sikumwomba. Mwezi uliofuata nilirudi kuchukua kale kadogo. Nilizungusha mota zote nne kwa kidole, moja moja, nikaangalia waya zake kwa kioo cha kukuza, nikanusa kila betri kabla sijafungua pochi. Moja niliikataa. Zhuang aliinusa naye, akaitupa kwenye ndoo ya mchanga ya kuzuia moto, akaleta nyingine, nami nikainusa hiyo pia.