Nimechinja ng'ombe maisha yangu yote, ila nyongo yangu mwenyewe niligoma isitolewe

Wakuu, salaam kwenu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, tuendelee.

Shule niliishia la nne, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Haya yamenipata mwilini na kovu ninalo.

Niko Moshi, mimi ni mchinjaji. Nilianza kwa kuosha utumbo machinjioni, leo nina mabucha yangu na hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Maumivu yalianza chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Hasa nikishakula nyama yenye mafuta.

Nikaamua ni vidonda vya tumbo. Niliamua mwenyewe. Duka la dawa nao wakakubali, maana mteja mwenye sauti kubwa habishiwi. Nikimeza dawa nashushia maziwa mazito ya ng'ombe wangu. Kumbe yale mafuta ya maziwa ndiyo yanachochea moto.

Siku moja nikakaa chini buchani, shoka mkononi, jasho linatiririka. Mke wangu akaja.

"Baba Neema, unakwenda hospitali, au nimwite mchungaji aanze kujiandaa?"

Nikaenda.

Ultrasound ikasema mawe kwenye mfuko wa nyongo. Makubwa kuliko wanayoyaona kila siku, na mfuko umevimba vibaya.

Hapa nisimame kidogo. Kwenye kazi yetu, mawe ya nyongo ya ng'ombe ni mali. Kuna madalali wanayatafuta mpaka Holili, kule mpakani na Kenya. Kila nyongo tunaipapasa kabla ya kuitupa. Miaka yote hiyo napapasa za ng'ombe, sikuwahi kuwaza kwamba yangu nayo inafuga.

Vijana wangu wa bucha waliposikia wakanipigia simu: "Mzee, usiyaache hospitali, tuje na mizani!" Nikacheka, nikaumia.

Daktari wa upasuaji ni binti wa Old Moshi, lika la mwanangu wa mwisho. Akasema mfuko wote lazima utoke. Na kwa ulivyogandana na ini, ile njia ya vitundu vidogo na kamera hataitumia, atafungua tumbo.

Nikagoma.

Msidhani ni ujinga. Niligoma kwa sababu najua. Nyongo ikipasuka, ini lote chungu, mteja anakurudishia. Nimewahi kufukuza watu kazi kwa hilo. Sasa huyu binti apitishe kisu palepale, mimi nimelala, sioni?

"Ini nani atakushikia?" nikamuuliza.

"Nina msaidizi, baba."

"Na nyongo ikipasuka?"

"Tunanyonya, tunaosha. Lakini meku, mzee wangu, wewe unamfungua ng'ombe aliyekwisha kufa. Mimi nakufungua nikitaka uamke ukapalilie migomba yako. Nafunga kwanza mrija na mshipa wake, ndipo nakata. Tukiiacha ikapasuka yenyewe humo ndani, hiyo siku hatutakuwa na nafasi ya maswali haya."

Mke wangu akanikanyaga mguu. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mnajua nini kilinilainisha? Nilimuuliza kifundi, akanijibu kifundi. Hakunibembeleza, wala hakunitisha. Watu wengi hunijibu "ndiyo mzee" halafu wanakwenda zao. Yeye alisimama pale mpaka maswali yakaniishia.

Nikaweka saini.

Nilipozinduka, mdomo ulikuwa mkavu, mshono unawaka, mpira wa kutoa maji machafu umetoka ubavuni. Lakini yale maumivu ya kwenye mbavu hayakuwepo. Niliyatafuta kabisa, nikayakosa.

Binti akaniletea mawe yangu kwenye kichupa. Moja kubwa kuliko yai la njiwa, la kahawia, limechongeka upande uliokuwa unasuguana na mwenzake. Mawe ya ng'ombe nimeshika mengi. Hili nililishika kwa mikono miwili.

"Haya hayakuanza juzi, baba," akasema.

Nililala nikiwaza nimelima, nimeoza binti, nimegombana na watu, hayo yote jiwe likiwa ndani linakua. Mimi naita vidonda.

Juzi mdogo wangu wa Marangu amekuja kuniona na mkungu wa ndizi. Alianza na utani wake, eti nimezeekea hospitali. Nikampa kile kichupa. Akakigeuza, akakigeuza, utani ukaisha. Mkono wake ukaenda chini ya mbavu za kulia.

"Kaka, huyo binti anapatikana siku gani?"

Kesho nampeleka akapime.

Wakuu, maumivu yanayorudi palepale usiyatibu kwa kukisia. Na ufundi wako usikudanganye kwamba unaujua na wa mwenzako.

Wale wa mafuta na ndimu, eti mawe yanatoka chooni, hili langu lingepita wapi?

Ila mliotolewa nyongo zamani, semeni mnakulaje nyama, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Hata wa kunisema waje tu, ngozi yangu imeshashonwa.