Fundi Aliyesema Naona

Fundi viatu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: naona. Ukimwambia mvua inakuja, naona. Ukimwambia soli uliyonitengenezea imebanduka, naona, na mkono unaenda kwenye gundi. Mkewe alikuwa akiwaambia wateja, "Siku nilipomkubali, alinijibu naona. Nikadhani ana shida ya macho."

Mke alikuwa mshonaji. Walifanya kazi chumba kimoja, yeye dirishani na cherehani yake ya kukanyaga, fundi mlangoni na nyundo yake. Mwaka jana mke alifariki. Cherehani ikabaki pale pale, imefunikwa kitambaa cha maua. Kila asubuhi fundi alikipangusa kitambaa. Hakukiondoa.

Shemeji yake, kaka wa marehemu, dereva mstaafu mwenye sauti ya honi, alikuwa na neno juu ya ile cherehani.

"Shemeji, ile ilikuwa ya mama yetu. Binti yangu amemaliza kujifunza kushona, anaazima mashine za watu. Unaonaje?"

"Naona."

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Huyu anauliza, huyu anaona, cherehani haisogei.

Kila Jumapili mchana walicheza poka humo humo karakanani, wawili hao na kinyozi wa mlango wa pili. Walichezea vifungo vya nguo, vya kopo la marehemu. Ndiye aliyewafundisha mchezo, na sheria zilikuwa zake. Ukitaka kufuata alichoweka mwenzako, unasema "naona". Neno likishatoka, halirudi. Sheria hiyo aliiweka kwa ajili ya kaka yake, aliyekuwa na tabia ya kusema na kujikana.

Fundi hakuwa mchezaji. Akisukumwa kidogo tu, anatupa karata. Mkewe alikuwa akizifunua zile alizotupa, anashika kichwa. "Malkia watatu! Umekimbia na malkia watatu kwa ajili ya kelele za kaka yangu? Mume wangu, kabla hujamtazama anayekusukuma, tazama kwanza umekanyaga wapi."

Jumapili hiyo fundi ndiye aliyegawa, tano kwa kila mtu. Akafunua zake taratibu. Wafalme wawili, nane mbili, na saba isiyo na ndugu. Shemeji alibadilisha karata moja. Kinyozi tatu. Fundi akaitupa ile saba, akachukua moja.

Mfalme.

Wafalme watatu, nane mbili. Wao waliita nyumba. Fundi akakohoa kidogo, akaziweka chali mezani, halafu akashtuka na kuzigeuza upesi. Bahati njema, kinyozi alikuwa anapiga chafya na shemeji anapanga vifungo vyake.

"Kumi," alisema shemeji.

"Kumi ni za watoto," alisema kinyozi. "Thelathini. Leo nawanyoa bila maji."

Fundi angeweza kuongeza. Lakini wenzake walikuwa wanamletea kuni wenyewe, ya nini apulize moto? Akasogeza vifungo thelathini. "Naona."

Kinyozi akamkodolea macho. "Fundi leo hakimbii. Amekula nini huyu?"

Shemeji akacheka, akasukuma rundo lake lote katikati. Vingine vikadondoka, vikabingirika mpaka kwenye viatu vya watu.

Kinyozi akatupa karata. "Mimi na maisha yangu bado tunapendana."

"Na si vifungo tu," alisema shemeji. Sauti ikashuka kidogo. "Naweka na ile cherehani. Nikishinda, inakwenda kwa binti yangu kesho. Nikishindwa, sitaitaja tena mpaka mnizike. Mwaka mzima inakula vumbi, shemeji. Unaonaje?"

"Naona," alisema fundi.

Kinyozi akaziba mdomo kwa mkono. "Amesema."

"Amesema!" Shemeji akapiga meza.

Fundi akatazama dirishani. Hakuwa amekusudia. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mwaka mzima.

Shemeji akamtazama, cheko likamwisha. Hakuwa mtu mbaya. "Basi, shemeji. Umesema kwa mazoea, najua. Lirudishe. Chukua vifungo vyako, tugawe upya."

"Sheria haisemi hivyo," alisema kinyozi.

"Nyamaza wewe. Huyu ni mume wa dada yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi angeweza kutupa karata na kitambaa cha maua kikabaki mahali pake. Siku nyingine zote angetupa.

Akazichungulia tena karata zake. Umekanyaga wapi? Nimekanyaga wafalme watatu. Shemeji kabadilisha moja, kwa hiyo alikuwa na nne alizozipenda. Pengine za rangi moja. Pengine jozi mbili. Hizo zote nyumba inazipiga. Za kumpiga fundi zilikuwepo, lakini chache sana. Kelele zilikuwa nyingi, karata ni tano tu.

"Sirudishi," alisema. "Naona."

Shemeji akafunua polepole. Kopa, kopa, kopa, kopa, kopa. Hakuwa anadanganya; zilikuwa karata za kusukumia kweli.

Fundi akaweka wafalme wake mmoja mmoja, halafu nane mbili.

"Nyumba!" Kinyozi alisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Nyumba imejaa, na wewe shemeji uko nje!"

Shemeji alizitazama zile karata muda mrefu. Akaguna. "Dada yangu angecheka leo mpaka akae chini." Akainama kuokota vifungo vilivyodondoka. "Nimesema sitaitaja. Siitaji."

Fundi alimtazama akiokota. Alikuwa ameshinda. Cherehani ilikuwa yake sasa, bila swali la mtu. Na bado ilikuwa kimya.

"Binti yako," alisema fundi.

"Mimi sijasema kitu!"

"Mimi ndiye ninayesema. Cherehani haitoki humu. Yeye na aje. Ashonee hapa, dirishani."

Shemeji akabaki ameinama, kifungo mkononi. "Hapa? Na wateja wake?"

"Mlango upo."

Jumatatu binti alikuja na mkasi wake kwenye mfuko. Fundi mwenyewe aliondoa kitambaa cha maua, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye rafu juu ya kopo la vifungo. Akatia mafuta kwenye magurudumu. Mkanda ulikuwa umelegea. Akakata mwingine kwenye ngozi ya kiatu, akaufunga.

Binti akakanyaga. Mashine ikakwama, ikakohoa, halafu ikashika mwendo.

Kinyozi akachungulia mlangoni, wembe mkononi, mteja kamwacha na povu. "Nimesikia mlio. Nikasema labda naota."

"Kelele hazikusumbui, baba?" aliuliza binti.

"Hapana," alisema fundi, akachukua nyundo. "Shona."