Chupa ya Dawa ya Shaba

Wifi yangu alinipiga kofi mbele ya wateja, nami nikamrudishia. Ilikuwa mchana, mgahawa wetu wa Ipagala umejaa, na tulichogombania ni chupa ya dawa ya samaki.

Mgahawa tuliufungua pamoja baada ya mume wangu, ambaye ni kaka yake, kuhamishiwa kazini Dodoma. Tunauza samaki wa bwawa la Mtera. Tangi la maji ya chumvi lilikuwa wazo la wifi, aliyekulia Tanga. Alitaka watu wa huku waone matumbawe yakiwa hai. Yeye aliwapenda samaki. Mimi, mtoto wa Mkonze, hapa hapa Dodoma, niliyeiona bahari nikiwa mtu mzima, niliyapenda matumbawe.

Kisha akanunua kangaja, samaki bapa wa buluu mwenye mwiba mkali kama wembe kila upande wa mkia. Alimtia tangini bila kumtenga kwanza. Haukupita muda kangaja akaanza kujigonga kwenye mawe, akijisugua ubavu mpaka ngozi ikachubuka. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vilimjaa mwilini, vikahamia kwa wenzake.

Tukampigia simu muuzaji. Alisema ni vijidudu vinavyochimba chini ya ngozi na kumla samaki, kisha vinadondoka, vinazaliana mchangani na kurudi kwa wingi zaidi. Dawa yake ni ya shaba. "Lakini watoeni samaki muwatibie kwingine," alionya. "Mkiimimina humo, matumbawe yatakufa yote."

Mchana ule mteja mmoja alisimama mbele ya tangi na sahani yake mkononi. "Mama, hawa wana upele? Ndio mnaotukaangia?"

Wengine wakasukuma sahani zao. Wifi akatoka jikoni na chupa, akafunua tangi.

"Wifi, usimimine," nikasema.

"Niache. Huoni watu wanaondoka?"

"Utaua kila kitu."

"Yatakufa hayo mawe yako. Samaki wangu watapona."

Nikamshika mkono, ndipo akanipiga. Tulianguka katikati ya viti. Alinivuta nywele, nikamng'ata bega. Kiwiko chake kikanipasua mdomo, nikaonja damu. Chupa ilipasuka chini ya goti langu na dawa ya buluu ikatiririka hadi miguuni mwa wateja. Wanaume wawili ndio waliotuachanisha.

Mume wangu aliporudi aliangalia sakafu, akatuangalia sisi. "Mtawatoa hao samaki pamoja," alisema taratibu, "la sivyo tangi linatoka."

Tulipoletewa chupa nyingine, samaki kadhaa walikwisha kufa. Tulifunga mgahawa, tukaanza kutoa mawe moja moja, maana samaki mgonjwa hujificha kwenye mianya. Kangaja alipigana nasi. Alipobanwa pembeni alizungusha mkia, akamchana wifi kiganja, na maji yakageuka mekundu. Wifi aliuma meno, hakumwachia.

Tuliwaweka wote kwenye pipa la plastiki lenye pampu na dawa. Sikujua kwamba samaki anaweza kuwa na chuki. Kangaja, akiwa hana pa kwenda, alimgeukia samaki mdogo wa rangi ya chungwa, wa mwisho wa aina yake, na kumchapa kwa mkia tena na tena. Asubuhi tulimkuta yule mdogo akielea, jicho limeng'oka.

Wifi alimnasa kangaja kwa wavu, akamlaza kwenye ubao wa kukatia nyama, akampiga mchi kichwani. Mfupa ulisikika ukipasuka. Ningeweza kumzuia, ila sikutaka. Alipomaliza aliketi juu ya kreti la soda na kulia kama aliyefiwa, nami nikasimama pale bila kujua kama nina haki ya kumgusa.

Samaki wadogo wa manjano waliobaki pipani walipona. Tangi lilikaa bila samaki zaidi ya miezi miwili ili vijidudu vikose wa kumla, vife. Matumbawe yaliendelea kufunguka kila mwanga ulipowaka.

Siku ya kuwarudisha, wifi alishika wavu, mimi nikashika ndoo. Samaki waliingia, wakasimama kidogo majini, kisha wakapotea nyuma ya mawe.

"Kangaja sinunui tena," alisema.

"Nunua tu," nikamjibu. "Ila aanzie kwenye pipa."

Alijifuta mikono, akaniuliza kama vitunguu vimeshaletwa.