Nilivyolipata kaburi la baba kwenye picha ya ndege ya serikali

Wakuu, heshima zenu. Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe, na mama yangu yupo hai hapa Ipogolo. Anayebisha aje amuulize, ila asije mikono mitupu, aje na sukari.

Sisi ni Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba alishuka na ng'ombe wake hadi mbuga za Usangu, upande wa Madibira. Mimi nilikuwa mdogo wa kuchunga ndama.

Hatukukaa sana, homa ikamchukua baba.

Tukamzika mlangoni mwa zizi. Kwetu mwenye mji alizikwa hapo, ili ng'ombe wake wampitie kila asubuhi wakienda malishoni. Hakuna msalaba, hakuna saruji. Zizi lenyewe ndilo alama.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Gari la serikali lenye spika lilitangaza Igawa siku ya mnada, na redioni ilisemwa. Sisi redio hatukuwa nayo, na Igawa ilikuwa mbali. Habari ilitufikia pamoja na mgambo waliokuja kutuhamisha.

Mama aliomba akamuage mumewe. Wakamwambia apande gari.

Tulipokuja kupaangalia baada ya masika, miiba ya zizi ilishaungua na nyasi zimefunika kila kitu. Mbuga ile ni tambarare, huna mlima wala jiwe la kukariri. Tukarudi hivyo hivyo.

Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja tu. "Masanja, nionyeshe alipo baba yako kabla sijafa." Analisema bila kulia, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Nikiwa kijana nilienda ofisi moja ya ardhi kuulizia ramani za zamani. Karani akaniuliza nimetumwa na nani. Enzi zile ramani ilikuwa mambo ya usalama, mchunga ng'ombe anaitakia nini? Nikatoka.

Sasa twende kwenye mada.

Mwaka jana nikaambiwa kuna tovuti ya serikali imeweka picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege kwa ajili ya kutengenezea ramani. Zimeskaniwa, bure, hata kwa simu zinafunguka. Nikatafuta Usangu, miaka ya sabini. Bando likakata katikati, nikaongeza lingine.

Nikazoom. Wakuu, mazizi yanaonekana kabisa, viduara vidogo kwenye mbuga. Nikafuata mto, nikafuata njia ya kunyweshea ng'ombe, nikaliona la kwetu.

Nikamwekea mama kwenye laptop maana macho yake yamechoka. Akaangalia muda mrefu.

"Hili ni la kwetu," akasema. "Ila baba yako hayupo hapa."

Nikadhani ni uzee.

"Tulimzika kwenye zizi la kwanza. Masika samadi ilizidi, ng'ombe wakaanza kuoza kwato, tukalihamisha. Wewe ulikuwa unaumwa surua, utajulia wapi?"

Pembeni ya kiduara chetu kulikuwa na doa jeusi, halina uzio. Mimi nilishaliruka, nikajua ni uchafu wa picha. Mama akaweka kidole hapo na hakukitoa.

Picha nikailinganisha na ramani ya simu, nikaweka alama, tukakodi gari kupitia Mafinga. GPS ikatufikisha kwenye majaruba ya mpunga. Mama mmoja Msangu alikuwa anapalilia.

"Kamwene," nikamsalimia, nikamweleza tulichofuata. Alinyoosha mgongo, akatutazama.

"Hapo unapoonyesha, mpunga wangu unakuwaga mrefu kuliko kote," akasema. "Na mbolea siweki. Huwa najiuliza pana nini."

Samadi ya ng'ombe wa baba, wakuu. Mtu mzima nililia mbele ya watu, na sioni aibu kusema.

Mama akavua viatu. Yule mwenye jaruba akamshika mkono, wakaingia kwenye tope pamoja. Mama akainama, akagusa maji.

"Mwangaluka, Baba Masanja," akamsalimia kwa Kisukuma. Kisha taratibu, "Hatukukuacha. Walituhamisha."

Akanawa miguu, tukaanza safari ya kurudi Ipogolo.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote hiyo serikali ilikuwa inajua baba amelala wapi, na yenyewe haikujua kama inajua. Picha ilikaa kabatini huku mama anazeeka. Kuiweka mtandaoni tu, bila barua na bila kujuana na mtu, kumemaliza kilio cha maisha yake. Kwa hili nawapongeza, japo nina hasira kwamba imechukua muda wote huu.

Mwenye wazee waliobaki wamezikwa kwenye mahame aandike hapa chini mto uliokuwa jirani, tutafute wote. Ila muwakalishe wazazi wenu mbele ya hizo picha mapema. Picha zitaendelea kuwepo, wanaojua kuzisoma ndio wanaondoka.