Jumapili Robinah Aliponyamaza

Robinah Nakanwagi alikuwa mama mkwe wa Kampala nzima. Hakuwa na mkwe hata mmoja, wala mtoto, lakini katika michezo yetu ya kuchekesha aliigiza mama mkwe mwenye mdomo mkali, na watu walimwita hivyo, Nnyazaala, hadi sokoni.

"Nnyazaala, leo unamtesa nani?"

"Nakuja kwako. Ficha masufuria!"

Mimi, Kaweesi, nilikuwa mtu wa taa. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye kibanda cha mbao juu, nyuma ya ukumbi, nikimmulika. Waliokaa viti vya mbele waliona vituko vyake. Mimi niliona jasho.

Tena hakuigiza tu. Ndiye aliyeandika michezo, mmoja mpya kila mwezi, ndiye aliyeshona mavazi, ndiye aliyepatanisha waigizaji walionuniana. Jumapili tulikuwa na maonyesho matatu kuanzia saa sita mchana. Jumatatu, mazoezi. Kiongozi wetu, mzee Ssemwogerere, alipenda kusema, "Msanii atapumzika akizikwa." Tulicheka, na tuliamini.

Dalili zilikuwepo. Robinah alianza kula amesimama. Akaacha kuimba akiwa kwenye cherehani. Siku moja nilimkuta juu ya sanduku la mavazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Vipi, dada?"

"Najaribu kukumbuka kama navaa au navua."

Nikacheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Jumapili yenyewe, tulikuwa kwenye onyesho la pili. Mkwe anamletea mama mkwe chai. Mama anaonja, anatema, kisha anatoa maneno ambayo ukumbi mzima umeyangojea. Robinah akaonja. Akanyamaza. Watu wakacheka, wakidhani ni utundu mpya. Akaendelea kunyamaza, na kicheko kikazidi. Machozi yalipoanza kumtiririka, mtu akapaza sauti, "Nnyazaala kashindwa na chai!" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Kutoka juu niliona kidevu chake kikitetemeka. Sikungoja amri. Nilizima taa zote.

Ssemwogerere alipanda kibandani akihema. "Umeme umekatika?"

"Hapana, mzee. Ni mimi."

"Washa!"

"Siwashi. Yule mama analia kweli."

Sikuwahi kumkatalia neno tangu anipe kazi.

Kesho yake Robinah alikwenda Masaka kwa dada yake, ambaye kila mtu humwita Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Wiki tatu zikapita. Ssemwogerere akasema anakwenda kumrudisha, nami nikafuatana naye, maana nilikuwa namwogopa kwa niaba ya Robinah. Nalongo tulimkuta uani akimenya ndizi za matooke. Hakuinuka.

"Mmekuja kumwona au kumchukua?"

"Kumwona," nikawahi mimi.

"Basi karibuni. Anayetaka kumchukua ataanza na mimi, na kisu ninacho."

Robinah alitoka ndani akiwa amevaa gomesi kuukuu la dada yake, uso umejaa kidogo. Kwanza alinishika mkono akanishukuru kwa lile giza. Kisha akaketi mkekani akatueleza.

"Nilidhani nimerogwa. Nikalala siku nne. Nalongo akaniambia, 'Hukurogwa, umechakaa.' Lakini ndugu zangu, niwaambie kilichonitisha. Pale jukwaani, nalia, watu wanacheka, na ndani yangu kuna sauti inasema: kimya hiki kizuri, nitakitumia tena. Hata machozi yangu mwenyewe nilikuwa nayapeleka kazini."

Ssemwogerere aliokota ganda la ndizi, akalikunja. Nilijiandaa kwa hotuba. Badala yake akasema polepole, "Mimi hutapika kabla ya kila onyesho. Mwaka wa sita huu. Mke wangu anadhani ni vidonda vya tumbo."

"Kumbe ile ndoo ya nyuma ya jukwaa ni yako!" Robinah akapiga paja. "Na sisi tulimsingizia huyu Kaweesi ulevi!"

Tulicheka wote wanne, Nalongo kuliko sote, mpaka mbuzi aliyekuwa amefungwa pale akaanza kulia.

Alirudi baada ya miezi miwili, kwa masharti. Jumapili maonyesho mawili. Mchezo mpya kila baada ya miezi mitatu. Kila nafasi kubwa iwe na watu wawili wanaoijua. Jumatatu, mlango ufungwe. Na baada ya onyesho tukae duara, kila mtu aseme hali yake bila mzaha. Siku ya kwanza tulitazamana tu. Watu wanaolia mbele ya mamia walishindwa kusema "nimechoka" mbele ya wenzao tisa. Aliyefungua mdomo kwanza alikuwa Ssemwogerere.

Sitasema yote yalinyooka. Wawili walihamia kundi jingine, wakatuita wodi ya wagonjwa. Kwa miezi kadhaa viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Na bado kuna wiki Robinah hawezi kuandika hata mstari. Siku hizi anatuambia, nasi tunarudia mchezo wa zamani, na hakuna aliyekufa. Mama mkwe sasa huigizwa pia na binti mmoja, Nabbosa. Mara ya kwanza Robinah alipokaa kwenye viti kumtazama, nilimwona akicheka kwa mdomo wazi kama mtu aliyelipa kiingilio.

Kila nikimwona vile namshukuru Mungu, namshukuru Nalongo na kisu chake, namshukuru hata yule mzee mbishi. Maana pumziko lililotafutwa kwa ajili ya mmoja lilitufikia sote. Sikujua kwamba mke wangu hupiga mluzi akifua. Sasa najua, kwa sababu Jumatatu nipo nyumbani. Jumatatu ya kwanza mwanangu wa mwisho alinizunguka asubuhi nzima, kisha akamwendea mama yake jikoni akamnong'oneza, "Mama, baba wamemfukuza kazi?"