Masaa Ine Toka Elisabethville

Bandugu basomaji, kosa ni yangu mi mwenyewe, musitafute mwingine. Jina yangu sitaandika. Bazee ya kwetu bangali bazima, na naogopa macho yao.

Baba alikufia hapa Baraka, asubui. Mi njo nilimulisha, nilimuosha, miaka yote ya ugonjwa wake. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, muzaliwa wa kwanza, alikuwa na kazi kule Elisabethville, anatuma mabarua tu. Lakini kwetu muzaliwa wa kwanza njo anatupa udongo wa kwanza kwa kaburi ya baba. Aka! Ile iliniuma sana.

Tukamutumia telegrame kwa biro ya posta ya Fizi. Mangaribi jibu ikafika. Kwa jamaa yetu, mi peke yangu nilijua kusoma. Iliandikwa: "Nakuja na ndege kesho. Mungojee."

Bazee bakaniuliza, "Mutoto yetu anasema nini?"

Nikajibu, "Anasema tuzike. Yeye atakuja na treni."

Mama yangu wee, huu ulimi! Moyoni nilijitetea: wapi, ndege ni ya bazungu, huyu anajisifu tu. Safari ile niliifanyaka mi mwenyewe. Treni mpaka Albertville, kungoja meli, kisha ziwa mpaka hapa: siku nane! Nani atangoja maiti siku nane?

Kesho yake asubui tukazika. Udongo wa kwanza nikatupa mi.

Saa kumi kamio, ile lori ya Uvira, ikasimama kwetu. Yaya akashuka, kravati kwa shingo, vumbi mpaka kwa nyusi.

"Patron wa kazi yangu alinipatia nafasi kwa ndege," akasema, anahema. "Masaa ine tu mpaka Usumbura, kisha hii kamio. Nimewahi. Baba iko wapi?"

Baba mudogo akashangaa. "Si wewe mwenyewe ulisema tuzike?"

Yaya akaniangalia. Ee Mungu! Nikajua amejua. Kisha akageukia bazee, akasema pole pole, "Ndiyo, ba baba. Nilisema vile."

Alinifunika haya yangu! Mi, nikamuacha abebe kosa yangu.

Akaenda kwa kaburi peke yake. Asubui akarudi na kamio ileile, hakuniaga. Miaka tatu sasa namuandikia, hajibu. Bazee banasema ni mutoto bila roho, hakutaka hata kungojewa. Nabasikia, nainamisha kichwa.

Nyumba ya baba nimebaki ndani peke yangu. Nikikumbuka kicheko yake, sina wa kumuambia. Mwenye alimujua baba sawa vile mi nilimujua, ni yaya tu.

Basi leo nasema mbele ya bantu yote: yaya alituomba tumungojee. Ilikuwa siku moja tu! Na bazee nitabaambia, nikipata nguvu.

Na wewe mwenye kusomea jamaa yako mabarua, nakuomba: soma vile imeandikwa. Hata kama inakuuma, soma vile imeandikwa.