Achari ya Kila Mtu

Nakumbuka ile asubuhi Bi Zuhura aliponirudishia ndoo, mwanangu, na hasira ya siku ile imenipanda upya leo nilipoisoma karatasi yako ya biashara. Umeandika kwamba wateja wa bizari yako ni "kila mtu". Basi keti nikueleze.

Nilikuwa kijana, natengeneza achari ya ndimu hapahapa Malindi. Ilikuwa kali kwelikweli, pilipili mbuzi sikuzionea huruma. Walioinunua ni wapishi wa pilau za harusi, na mkubwa wao alikuwa Bi Zuhura. Hawakuwa wengi, lakini hawakwenda kwingine.

Akaja bwana mmoja na tai yake kutufundisha biashara. Akaniambia nipunguze ukali nipate kumuuzia kila mtu, hata watoto na wageni wa mahoteli. Kijiko kimoja cha achari yangu hakuonja. Nami, mjinga, nikamwamini. Nikapunguza pilipili, nikatia sukari, nikapeleka chupa madukani. Bi Zuhura nikamjazia ndoo yake achari hiyohiyo tamu, wala sikumwambia.

Siku ya harusi wageni wakaonja, wakaisukuma kando ya sinia. Mama wa bwana harusi akamuuliza Bi Zuhura mbele za watu kama siku hizi anapikia wagonjwa. Mwanamke aliyepikia harusi za mji mzima akainamisha kichwa kwa ajili yangu.

Kesho yake akaja na ndoo. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Hii umemtengenezea nani?"

"Watu wote, bibi."

"Nitajie mmoja."

Akaitua ndoo miguuni pangu, akaenda zake. Chupa za madukani nazo zikashika vumbi, maana hao watu wote walikwishazoea achari ya kiwandani. Niliporudisha ukali, Bi Zuhura alikuwa ameshapata mtu mwingine. Yule bwana wa tai ninamkasirikia hadi leo, na mimi mwenyewe zaidi.

Kuuzia wengi si kosa, mwanangu. Muuza mkate na auzie wengi. Lakini bizari yako ina wenyewe. Futa hilo "kila mtu", uandike majina ya wanaonunua kwako. Ukitaka na wengine, watengenezee yao mbali, na ya hawa usiiguse kimyakimya.

Mungu akupe wateja unaowajua kwa majina, na kila ukiwaamkia, wakuitikie.